Bomba la Geti Ndani ya Karina

Tunduma, 9 Agosti 2006

Kwako kaka Ambilikile,

Pokea salamu za dereva namba moja kati ya Tunduma na Itumba, ambaye ng'ombe wa Momba wakisikia honi yake wanajipanga foleni wenyewe. Ndiye mimi mdogo wako, mzima kabisa. Sijui wewe na vumbi la Saza mnaendeleaje. Mama hajambo, ila anauliza kama huko mgodini mnakula au mnatafuna mawe.

Karina yako, gari ulilonikabidhi, ipo. Habari zake nitazifikia.

Unamkumbuka Ashraf, mwenye gari la Chesa nyeupe, anayechonga ndevu kama kila siku anaenda kuposa? Siku hizi ana maringo hata kwenye kukohoa. Kisa ni bomba. Kalinunua ng'ambo, Nakonde, kwa Mzambia mmoja: linalala chini ya boneti, limefungwa kwa boluti kutoka kichwa cha shokapu ya kulia hadi ya kushoto, linakaza bodi. Basi gari halijinyongi tena. Linaingia kona za Itumba limetulia kama mchungaji madhabahuni. Nasema kwa uchungu, kaka, lakini ni kweli.

Hilo ningelivumilia, isipokuwa Stumai. Stumai wa vitenge, anayekwenda gulioni Itumba kila wiki, alikuwa abiria wangu wa kiti cha mbele, na karanga tulikula pakiti moja. Ghafla akasema kwa Ashraf hasikii kichefuchefu. Akahamia huko. Nikipishana nao naona meno tu. Ugali ukawa haupiti, na mimi unanijua kwa ugali!

Nikaenda kwa Masumbuko, fundi mageti. Nikamwambia Ashraf ana bomba moja, mimi niwekee mawili, mbele na nyuma, tena mambo ya boluti sitaki, chomelea kabisa. Akasema yeye kazi yake mageti. Nikamwambia ahesabu hili ni geti linalotembea. Akachomelea, tukayapaka mabomba rangi nyekundu, na vijana wa kijiweni nikawa nawafungulia boneti kama mwenye duka.

Stumai akasikia sifa, akanipa safari moja. Kona ya kulia gari likakubali. Ya kushoto likagoma, kisha likakata kwa pupa, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, vitenge vikamwangukia kichwani. Akaomba nisimame. Akashuka, akakalia furushi lake kando ya barabara, akaniambia niende tu salama. Kwenye kioo nikamwona Ashraf anampakia.

Hapa mjini nimetangaza kwamba Masumbuko hajui kazi. Wewe sikudanganyi. Siku ya kuchomelea, gari lilikuwa juu ya jeki upande mmoja. Bodi ilikuwa imejipinda, nasi tukaikazia hivyohivyo. Sasa imeganda, hata kwenye barabara nyoofu linavuta kulia, na Masumbuko anasema akiyakata mabomba, bati la shokapu litachanika.

Ashraf alipita siku ileile ya kuchomelea na Stumai ndani ya gari. Akasimama, akasema kwa upole, "Dogo, teremsha jeki kwanza, ndiyo mchomelee." Masumbuko akaweka mashine chini. Mimi nikamwamuru aendelee. Nilimsikia Ashraf vizuri, kaka, na nilijua anasema kweli. Ila Stumai alikuwa anamtazama alivyokuwa anasema.

Mama anakusalimu sana. Ukija, tafadhali kula kwanza ndiyo uulize gari.

Ni mimi mdogo wako,
Tuntufye