Choo Kimoja, Wakwe Wawili

Mpendwa Baba Mkwe,

Huko kwa wahenga uliko najua utashtuka kupata barua ya mkweo, tena ya habari za choo. Vumilia tu, Baba. Uliwahi kuvumilia makubwa kuliko haya kwa ajili yangu.

Unakumbuka tulipohamia kijiji cha ujamaa kule Bugwema, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi? Bwana afya akapita na baiskeli yake akitangaza kila kaya ichimbe choo. Mwanao akachimba kimoja. Cha pili, ambacho kingekuwa chako, kikagonga mwamba kina kikiwa magotini, akatupa sururu. Tukabaki na choo kimoja na sisi wawili, ambao mila haikuturuhusu hata kushikana mikono. Mkwe achangie shimo na mke wa mwanawe? Heri kufa.

Ukaendelea kwenda zako porini, kule kilimani juu ya kisima, jembe begani, ungedhani unakwenda kulima. Chooni ukahifadhi mbegu za pamba. Mimi nami kwa adabu nikatafuta kichaka changu upande uleule. Choo chetu kilikuwa kisafi kuliko vyote kijijini, na bwana afya alikisifu mbele ya balozi wa nyumba kumi.

Kisha Nyangeta wangu akaanza kuhara. Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja, Baba, na nilijua macho yakiingia ndani yana maana gani. Bwana afya akaja, akaangalia kisima, akaangalia kilima, akasema mvua inashusha yote tunayoacha huko juu. Nyangeta alibeba jina la mama yako, nawe hukuwahi kumwita vingine ila Mama.

"Kumbe mama yangu namnyweshaga uchafu mimi mwenyewe?" ukasema.

Kesho yake ukatoa mbegu. Ukafika mlangoni, ukasimama, ukarudi. Kwa kuwa ulikuwa husemi nami moja kwa moja, na Bibi, mkeo, alikuwa kisimani, ukamgeukia mbuzi aliyefungwa uani: "Mbuzi, mwambie mama Nyangeta mwili umekataa."

Siku iliyofuata uliingia na kofia na fimbo, ukatoka upesi. "Mbuzi, sema nimeingia tu. Nimesalimia." Halafu miguu ikakupeleka yenyewe njia ya porini. Tulikuona umefika katikati, ukageuka, ukiisema kwa sauti: "Miguu hii inajuaga njia moja tu!"

Mwisho ukampa Bibi lile jembe. "Lifiche. Nikiliona tu, tumbo linaanza safari." Bibi akalificha chini ya kitanda, akacheka hadi akakaa chini. Tangu hapo ulikuwa unaingia chooni kila asubuhi ukiimba wimbo wa ng'ombe, ili nijue nisisogee. Asubuhi nyingi ulitoka umenuna. Kuna asubuhi moja wimbo ulikatika katikati, hata mbuzi akaacha kutafuna. Ukatoka ukijifunga shuka vizuri, ukanitazama mimi, si mbuzi.

"Mama Nyangeta," ukasema, "zamu yako."

Nililia, Baba. Kukuona umeivua heshima ya maisha yako yote kwa ajili ya mwanangu kulinishinda. Niliingia, na mwili wangu nao ulikataa wiki nzima. Lakini porini sikurudi, wala wewe. Majirani walicheka, kisha mmoja mmoja wakafuata, na Nyangeta akapona.

Sasa ameolewa huko mjini, Kitaji. Jana alikuja kunisalimia na mumewe, kijana mpole, mwenye adabu nyingi mno. Tangu asubuhi ameweka kiti kivulini, mkabala kabisa na mlango wa choo, anasoma gazeti. Mimi nimebana miguu tangu chai. Mama mkwe nipite mbele yake naye akijua ninakokwenda? Nyuma ya mihogo kuna kichaka, Baba, kinaniita kwa jina.

Lakini Nyangeta ana mimba, atajifungulia hapa kwangu, na maji ya nyumba hii yanatoka bondeni, chini ya mihogo hiyo hiyo. Mtoto akizaliwa atayanywa.

Basi naweka kalamu. Ninakwenda kumwambia mkwe, kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe: "Baba, sogeza kiti, napita."

Mkweo akupendaye, na mwenye haraka,
Mama Nyangeta