Maporomoko ya Juu ya Kalinzi

Jumamosi, usiku

Miguu yote inauma na bado natabasamu peke yangu kama chizi.

Tumepanda kutoka Kalinzi, mimi na Mwalimu Baraka wa hisabati, katikati ya mibuni, njia nzima utelezi. Viatu nilivyoazima vilinibana mpaka nikavivua. Tukayasikia maporomoko kabla ya kuyaona.

“Madam, hilo jiwe usilikanyage,” akasema.

Nikalikanyaga. Nikatumbukia majini mpaka kifuani, baridi ikanikata pumzi. Baraka akaruka na nguo zake, simu mfukoni, akiita, “Rehema! Rehema!”

Miaka miwili tunafundisha shule moja, na hajawahi kuniita jina langu. Ni Madam tu.

Akanishika mkono, tukasimama humo humo tukicheka, maji yananguruma juu yetu.

“Simu yako!” nikakumbuka.

“Acha ife,” akasema. Mkono wangu hakuuachia.

Sasa hofu imeanza. Niliomba uhamisho nirudi Dodoma, nikae karibu na mama, na kila usiku nasali ukubaliwe. Leo nimepiga magoti kama kawaida, nikafika hapo, nikashindwa kuendelea. Nikaishia kucheka. Mungu anisamehe.