Upepo Nilioongeza Kisian

Omera, ndugu yangu Zadock! Baiskeli ya Gurjit, yule anayenifundisha kuendesha milimani, ilitaka kuniua leo kwenye mlima wa Kisian!

Aliniambia, "Owiti, njia ya vumbi inataka tairi laini. Punguza upepo."

Mimi? Niliyebeba magunia kwa baiskeli miaka mitatu? Alipogeuka nikaongeza, tairi zikawa jiwe.

Kwenye mteremko nikashika breki. Baiskeli ikateleza tu! Mbele yangu mama amebeba kuni kichwani. Mama wa watu, Zadock! Nikajitupa kwenye miiba.

Mama akauliza, "Wewe, unafukuzwa na nani?"

Gurjit akafika, akabonyeza tairi. "Nani ameongeza?"

Nikasema ni mimi.

Akatoa upepo kiasi. "Panda juu, teremka tena."

Nikateremka. Haikuteleza hata kidogo, na hiyo ndiyo inaniuma.