Mngurumo wa Asubuhi

Jumapili, 7 Septemba

Imefika! Nyeusi, tangi la mviringo, taa kubwa kama jicho la ng'ombe — sura ya pikipiki za enzi za babu, injini mpya kabisa. Mama mkwe aliipaka sandali ya baraka, mume wangu Kathir akaponda ndimu kwa gurudumu kukinga husuda, nami nikashangilia mpaka majirani wakachungulia. Siku arobaini na moja za ndoa na bado natetemeka nikimwona akivaa helmeti.

Fundi Rayappan ametuonya: mpaka kilomita mia tano tusizidi hamsini kwa saa. Injini mpya hulainishwa kwanza, pistoni izoeane na silinda. Ikimaliza — Kodaikanal! Mimi na yeye, mlimani, kwenye ukungu.

Nitaitunza kama mtoto. Kila alfajiri nitaiwasha nikichora maua ya unga wa mchele kizingitini. Ingurume dakika arobaini, taratibu, ijizoeze. Du-du-du. Ni kama moyo wa Kathir nikimlalia kifuani.

Jumapili, 14 Septemba

Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Shemeji Sargunam, mume wa wifi yangu, alikuja kula. Mkwe wa kiume wa nyumba hii hakatazwi kitu. Vipande vya samaki vinene ni vyake. Na leo funguo!

"Hamsini?" alicheka. "Maharusi nyinyi, hata chuma mnakibembeleza! Lete niifundishe kukimbia."

Kathir alimpa. Alimpa tu! Nusu saa baadaye akarudi, nywele zimesimama, injini inanuka moto. Eti ameifikisha tisini barabara ya Batlagundu. Kilomita mia mbili hata hazijatimia!

Nilimuuliza Kathir mbona kanyamaza. Akasema akimkemea Sargunam, atakayelia ni dada yake. Ana moyo laini mume wangu, nampenda kwa hilo. Mimi wangu si laini. Sargunam ataniona.

Jumatatu, 22 Septemba

Moshi wa buluu. Mwingi! Rayappan amefungua oili — nusu imeshaliwa na injini, iliyobaki inametameta kwa chembe za chuma. Anasema lazima aipasue. Safari ya Kodaikanal basi. Kathir alisimama kando, ametugeuzia mgongo, anafuta tangi kwa shati lake. Nililia kwa ajili ya mgongo ule.

Nimeomba ile oili. Nimeitia kwenye chupa ya achari. Siku ya kubariki vyombo vya kazi na magari, tarehe mosi, ukoo mzima ukiwa umeketi, nitamtengea Sargunam wa kwanza, kama desturi. Wali, mchuzi wa sambari, payasamu tamu ya maziwa. Na katikati ya jani lake la mgomba, sahani yetu ya sikukuu, chupa hii! Kisha niseme mbele ya wajomba wote: karibu shemeji, hiki ndicho ulichotupikia.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimeanza mapema. Nimemwambia mama mkwe yote — na labda nikaongeza chumvi. Alitupa kisu. Kila mwaka humpelekea mkwe wake nguo mpya ya sikukuu. Mwaka huu hapeleki! "Aje na matambara yake," alisema.

Wifi Thenmozhi alipiga simu analia, anauliza mumewe kakosa nini. Mama mkwe akamwambia akamuulize mwenyewe. Mimi nilikuwa nasaga nazi. Nilisaga nikiimba. Utamu ulioje!

Jumanne, 30 Septemba

Nilimpelekea Rayappan chakula. Injini imeshatengenezwa, ringi za pistoni mpya, silinda imesuguliwa. Nikamwambia yule mtu wa tisini kesho atakiona.

Akacheka. "Tisini mara moja haiui injini, binti. Na chembe zile ni kawaida, kila injini mpya hutoa. Hii iliuawa polepole. Ukuta wa silinda ulikuwa laini kama kioo, ringi hazikushika, oili ikapenya ikaungua. Hutokea ikiachwa inanguruma pale pale, haiendi popote. Nani huiwasha na kuiacha?"

Nikasema sijui.

"Basi mwambieni. Sasa ni kuwasha na kuondoka. Ikirudia hivyo, sina dawa."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Dakika arobaini. Kila alfajiri. Mimi.

Jumatano, 1 Oktoba

Naandika jikoni, haraka, wananingoja. Wote wamekuja. Pikipiki iko uani, ina shada la maua, ndimu chini ya magurudumu.

Sargunam amevaa nguo ya mwaka jana. Imefifia ukingoni. Hakungoja kutengewa jani. Alisimama mbele ya wajomba, akaunganisha viganja kuomba radhi — kwangu! Mimi mdogo kabisa humu ndani!

"Shemeji, nimewaharibia safari. Kiburi changu. Nisamehe."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kama hakimu. Thenmozhi anatazama sakafu. Kathir alinitazama mimi, macho yamejaa, kama kusema umenipigania.

Na bado kile kicheko cha Sargunam cha "maharusi nyinyi" kinanichoma. Bado! Chupa iko hapa karibu na mkono wangu.

Nje wameiwasha. Imepona, sauti ileile tamu. Kathir anapaza sauti: "Mke wangu, njoo! Tumeiacha kwanza ingurume, kama unavyopenda!"

Du-du-du. Hakuna anayeipanda. Wanangoja nitoke.

Du-du-du.