Kopo Ulilolifunga kwa Nta

Nzioka, ndugu yangu,

Ni mimi Mutiso. Usicheke mwandiko, hata wako ulikuwa kama kuku amechakura. Nimekataa mtu aniandikie. Haya ni ya mimi na wewe.

Tangu tukuzike, mvua imenyesha hapa Nuu hata mbaazi zimenifika kifuani. Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Mama Kioko anakula vizuri, ingawa jioni bado anakuwekea kiti. Lakini habari kubwa ni ya lile kopo. Ilibaki kidogo mjukuu wako akose jina lako.

Sikiliza. Baada ya matanga, mtoto wako Kioko alitoa vitu vyako nje na kuchimba shimo la kuchoma takataka. Magunia, viatu, ile redio iliyokufa. Halafu akatoa kopo chini ya kitanda, akatupa ndani bila kuangalia. Mimi nilikuwa nakunywa uji. Nikaona nta nyeusi kwenye mdomo wa kopo, nikajua. Nzioka, niliruka! Na hili goti langu! Niliingia shimoni nikalikalia lile kopo.

Kioko anasema, "Mzee, toka tuwashe moto."

Nikamwambia, "Washa. Twende wote kwa baba yako leo."

Nikawaambia ni risasi. Hapo maneno yakaanza. Mama mmoja wa kwaya akasema, "Kumbe mzee wetu wa kanisa alikuwa jangili!" Kabla jua halijazama, soko lote lilikuwa linajua. Na wakati huo mke wa Kioko alikuwa na mimba kubwa. Wewe unajua desturi yetu, mtoto wa kwanza wa kiume ni wa babu yake. Kioko akaangalia chini akaniambia, "Mzee, siwezi kumpa mtoto jina la kuchekwa."

Nilikasirika, nikapiga fimbo chini. Mtu kuzikwa ni kawaida. Jina lake kuzikwa naye, hapana.

Nilikumbuka ile kambi yetu upande wa Emali, wakati uwindaji ulikuwa na laisensi. Mzungu wetu na bunduki yake ya zamani, ile ambayo duka lilikuwa halina tena risasi zake. Wewe ndiye ulikuwa duka. Unaokota maganda ya risasi zilizopigwa, unaosha, unatia fataki mpya ya kuwasha, unapima baruti kwa ile mizani ndogo kama ya dawa, unabana kichwa cha risasi kwa mashini ya mkono. Ukipima, hata nzi hakuruhusiwa kupita. Mimi nilikuwa jicho la kambi, na hakuna mtu Kitui au Makueni alisoma nyayo kama mimi, hilo hata wewe ulikubali. Nikakuambia, "Ongeza baruti, iende kama radi." Ukasema bila kuinua kichwa, "Radi humpiga hata aliyeiita." Nilibishana na wewe mpaka chai ikapoa. Ukakataa. Halafu mtu mmoja wa kambi jirani akajijazia mwenyewe, akaongeza, bunduki ikampasukia usoni. Ungenisikiliza, yetu ingenipasukia na mimi, maana nilisimama begani kwa mzungu akipiga. Mimi leo natia uzi kwenye sindano bila miwani. Macho haya mawili ni yako, Nzioka. Sikukuambia ukiwa hai. Nakuambia sasa.

Na siku serikali ilifunga uwindaji, mzungu akaenda kwao na bunduki, akakuachia zile risasi, akasema atarudi kuzichukua. Ukayeyusha nta ya mzinga wako, ukafunga kopo, ukabonyeza dole gumba mzunguko mzima nta ikiwa moto. Mimi nilikuja na jamaa mwenye bunduki kama ile. Tulitaka chache tu, za tandala mmoja. Ukasema, "Imefungwa. Ukitaka nyama, nenda bucha." Nilikununia msimu mzima. Lakini huko kununa kwangu ndiko kulikuja kukusaidia, maana niliikodolea hiyo nta macho mpaka nikaijua kuliko mtu yeyote.

Basi, baada ya yale maneno ya soko tukaita chifu, askari wakabeba kopo mpaka stesheni ya polisi. Nilimlazimisha Kioko aje. Mkubwa wa stesheni alikuwa kijana, anaheshimu watu. Kabla hajagusa nikamwambia, "Afande, angalia nta. Ni dole gumba la kushoto la marehemu, lina kovu la panga katikati. Kama alama zake zimekatika mahali popote, mimi ni muongo na marehemu ni jangili."

Akainama. Akazungusha kopo polepole. Kovu, kovu, kovu, mpaka likarudi lilipoanzia. Akamwambia Kioko, "Nta yote ni kongwe, hakuna mpya. Baba yako hakufungua hili hata siku moja." Akakulaumu pia, nisikufiche, akasema ungelileta serikalini tangu zamani. Nikamjibu, "Alikuwa anamngojea mwenyewe, yule mzungu." Risasi wamebaki nazo.

Kioko alitembea mbele yangu njia yote. Tulipofika kwako akakaa kwenye kile kiti cha jioni, akalia kama mtoto. Mama Kioko akamwacha alie.

Mtoto alizaliwa wiki ile ile. Mwanamume! Wanawake walipokuja kumpa jina, Kioko mwenyewe alisema kwa sauti, yule wa kwaya asikie vizuri: "Huyu ni Nzioka." Nikapewa nimshike kabla ya wazee wengine, na ilikuwa haki yangu. Akanikojolea. Nikamwambia, "Karibu, rafiki yangu."

Asante, Nzioka. Kwa macho, na kwa kunikatalia. Walionikubalia kila kitu siwakumbuki hata majina.

Mimi nilikuwa tayari kukufuata, sasa nimekataa. Nakuahidi sifi mpaka huyu mtoto aweze kutembea peke yake hadi kwangu, akae chini, nimwambie jina alilobeba ni la nani. Lala vizuri. Usikae mlangoni kuningojea. Nitachelewa.

Mutiso wako