Cere Yako Haitapigwa Jukwaani

Adriko,

Nimekukasirikia. Nianze na hilo, maana salamu hazinitoki. Miezi minane uko chini ya udongo wa Aroi, na wiki tatu zilizopita albamu yetu iliteuliwa kuwania tuzo kubwa ya muziki ya Afrika, upande wa roki. Roki, Adriko! Watu wanne wa Arua na Koboko, na mazoezi tumefanyia kwenye banda la kukaushia tumbaku. Simu ilipoingia nilikuwa dukani kwa baba, Koboko, napima sukari. Niliimwaga yote sakafuni. Kisha nikageuka nikutafute nikuambie, kama mjinga.

Ungekuwepo kama ungenisikia. Ulikohoa mwezi mzima. Nilikwambia nenda hospitali, ukanijibu, "Iko homa kidogo tu, Saida. Tumalize albamu kwanza." Tukamaliza. Nawe ukaisha. Sasa watu wananipa pole na hongera kwa pumzi moja, nami sijui niitikie ipi.

Na Arua imegeuka ghafla. Redio iliyosema muziki wetu unaumiza masikio sasa inaupiga asubuhi na jioni. Mama zangu wadogo, waliokuwa wakisema binti wa Kiislamu hapigi dramu, wananiletea wageni waje waone mikono yangu. Yule mwenye ukumbi aliyetufukuza na vyombo vyetu kwenye mvua amebandika picha yako mlangoni, na jina lako amelikosea. Nilitaka kuichana. Nikajua wewe ungecheka tu, nikazidi kukasirika.

Hayo yote niliyameza. Lililonishinda ni cere.

Prodyuza wetu wa Kampala alinipigia akasema waandaaji wanataka tupige wimbo wa kwanza jukwaani siku ya tuzo. Kwa kuwa hupo, amepata mwimbaji mwenye jina wa kupiga ule mlio wako mrefu wa koo unaofungua wimbo. "Ni sauti tu, dada," akasema. "Huyu anaiweza kuliko hata marehemu." Anaiweza! Nusura niipigize simu ukutani.

Mimi ni wa Koboko, mjukuu wa askari aliyekuja toka mbali, kwetu jambo hilo halipo. Ni wewe uliyenifundisha kwamba huko kwenu kila mwanaume ana cere yake, mlio wake peke yake, na watu wanamjua kwa huo akiwa bado mbali njiani. Mwingine akiupiga anatafuta ugomvi. Mwenyewe akifa, hakuna wa kuugusa mpaka mrithi wake aupige kwenye ngoma ya msiba. Unamkumbuka yule mlevi aliyekuiga katikati ya shoo? Uliweka gitaa chini ukashuka. Tulimaliza wimbo bila wewe, ukarudi na shati lisilo na kifungo hata kimoja.

Kwa hiyo nilijua. Ndiyo maana najikasirikia na mimi. Sikumkatalia prodyuza palepale. Nilisema nitauliza nyumbani kwenu. Nilikuwa nalitaka lile jukwaa, Adriko. Nilitaka kupiga dramu mbele ya Afrika nzima, nikajidanganya kwamba nakufanyia wewe.

Nikaenda Aroi. Baba yako mdogo, mzee Ezira, alikuwa ameketi nje anachambua maharagwe. Nilimweleza mara mbili, hakuelewa mtu wa Kampala anaingiaje kwenye habari hii. Basi mimi, kwa akili zangu zote, nikatoa simu nikamfungulia rekodi aliyotuma prodyuza, huyo mwimbaji akipiga cere yako. Nikaongeza sauti ili mzee asikie vizuri.

Mama yako, ambaye hajawasha redio tangu tukuzike, alikuwa nyuma ya nyumba anachekecha unga wa muhogo. Alitoka mbio. Unga mpaka kwenye viwiko, miguu mitupu, akatupita bila kutuona, akaenda moja kwa moja hadi njiani. Akasimama pale akitazama upande wa Arua, huko ulikokuwa ukitokea. Cere inaendelea kulia mkononi mwangu, na vidole vyangu havioni pa kuizimia.

Hakulia. Laiti angelia. Alirudi polepole, akanitazama, akasema, "Saida, hata wewe?"

Nilitamani kufa. Samahani, najua nasema na nani.

Mzee Ezira hakupandisha hata sauti. "Hii iko ya Adriko," akasema. "Mutu ingine hapana piga. Sisi iko nangoja Joel."

Ndipo nilipojua kwamba ngoma yako haijachezwa mpaka leo kwa sababu ya Joel. Mdogo wako ndiye mrithi, na Joel hataki. Anasema siku akipiga cere yako utakuwa umekufa kweli. Miezi minane ukoo mzima unamsubiri mwalimu wa darasa la tatu apate koo.

Nilimfuata shuleni kwake siku hiyohiyo. Nikamwambia alichotaka kufanya prodyuza, na nilichofanya mimi mbele ya mama yake. Nilimfokea pia, nisikufiche. Nilimwambia, "Wewe nanyamaza, basi watu naokota tu kama kitu ya barabarani!" Wanafunzi wake wakatokeza madirishani kutuchungulia. Joel aliwarudisha vitini kwa mkono wenye chaki. Kisha akauliza, "Hiyo tuzo iko siku gani?" Nikamtajia. Akasema, "Basi ngoma iko siku hiyo."

Nilimpigia prodyuza nikamwambia hapana. Hakuna huyo mwimbaji, hakuna huo mlio. Akasema bila mlio wimbo hauna kichwa, na kwamba naitupa bahati ya maisha yangu. Nikamwambia wenye mlio wapo hai, wana miguu, na njia ya kumfuata huyo mwimbaji Kampala wanaijua. Mwishowe alikubali shingo upande: huyo mwimbaji hatapiga, na sisi hatutapiga. Ni kweli naitupa, na inaniuma. Nimelia kwa hilo pia, wala usidhani nimekuwa mtakatifu.

Kwa hiyo wakiitaja albamu yetu kule, viti vyetu vitakuwa vitupu; wenzetu wawili nao wanakuja msibani. Tukishinda watamleta mtu mwingine apokee. Mimi nitakuwa Aroi na dramu zangu. Wazee wamenikubalia nikae pembeni ya ngoma zao, na mama yako mwenyewe ndiye aliyeniombea. Joel atasimama katikati ya uwanja apige. Kuanzia hapo cere itakuwa yake. Nikiisikia kutoka njiani, atakuwa Joel anakuja. Hutakuwa wewe tena, kamwe.

Ndiyo maana nimekuandikia kabla ya siku hiyo, mlio ukiwa bado ni wako.

Kwaheri, Adriko. Mungu wako na wangu akupe kupumzika, na akupe na kifua kizuri. Hasira bado ninayo, na niliyo nayo kwako ndiyo kubwa kuliko niliyo nayo kwa prodyuza. Lakini nakuahidi hili: Joel akipiga, hata sauti ikimkatikia katikati, hata akiikosea, nitamjibu kwa dramu palepale. Nitamjibu yeye.

Saida