Sahani Aliyoionja Shangazi

Kasha, Bukavu
Jumatano

Mama yangu,

Kabla ya yote nakuomba ukae chini, uisome barua hii mwenyewe, polepole, kama unavyosoma kitabu cha nyimbo kanisani. Usimpe mwanao mkubwa, Yaya Kashindi, akusomee. Haya, sasa nakuuliza: mguu umepungua kuvimba? Maji yamefika shambani kwetu, au majirani wa juu wameyafunga tena? Nakuona umesimama kwenye tope la mpunga na mguu ule, na moyo hautulii. Huku mvua ni ya kila siku. Mimi bado naumwa.

Nilikuandikia kwamba ni amibe, wale vijidudu vya tumbo. Leo nakuambia yote. Tangu Pasaka natoka damu kila niendapo chooni, mara nyingi kwa siku. Nafundisha huku nimeshapima kwa macho njia ya kutoka ubaoni hadi choo cha shule. Siku moja nilikimbia na chaki mkononi. Niliporudi, msichana mmoja akasema, "Mademoiselle iko na rendez-vous," eti nina miadi na mtu, darasa lote likacheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Dawa ya amibe nimemeza mara tatu. Muuguzi wa dispensari akachoka nami. "Hii iko ya kichwa tu," akasema. "Ni nerfs. Olewa, itaisha."

Ndipo nilipoanza kuwaza neno ambalo watu wa hapa hulisema kwa sauti ya chini: karuho, sumu inayomla mtu taratibu hadi akauke. Nikajiuliza ni nani anayenipikia. Ni Shangazi Feza peke yake. Nikaliandika jina lake katika barua iliyopita, Mama. Dada ya marehemu Baba, mjane asiye na mtoto, aliyenipa kitanda na chakula tangu nifike mjini. Tumbo liliniuma, nikatafuta mtu wa kumbebesha lawama.

Nikaacha kula kwake. Nilimwambia nimeshakula shuleni, kumbe nilikula karanga na ndizi za kuchoma za barabarani, nikazidi kuumwa. Siku ya tatu Shangazi aliweka mbele yangu sahani ya bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, akamega tonge, akachovya, akatafuna huku ananitazama, akameza. Kisha akaisukuma sahani kwangu.

"Kula sasa."

Unajua desturi ya huku. Anayempa mgeni kasiksi huonja kwanza, mgeni aone kwamba ndani ya pombe hamna kitu. Ni heshima ya mgeni. Mtoto wa nyumbani hafanyiwi hivyo. Tangu siku hiyo Shangazi anaonja kila ninachopewa, hata chai. Na mimi, badala ya kuona haya tu, niliwaza: labda ameonja upande usio na sumu. Ona kichwa changu kilipofikia.

Wiki iliyopita shule ilinipeleka kwa daktari mmoja aliyerudi kutoka masomoni Ulaya. Alinitazama ndani kwa bomba lenye taa. Aibu yake sitakueleza. Akasema ukuta wa utumbo mkubwa umewaka, una vidonda, na damu inatoka humo. Amibe hamna. Nikamwuliza kama ni karuho. Hakunicheka.

"Hapana. Mwili wako unapigana na utumbo wako wenyewe. Sababu yake hatuijui bado."

"Basi muuguzi alisema kweli? Ni kichwa?"

"Vidonda nimeviona na macho yangu, mademoiselle. Kichwa haikuvichora. Lakini kati ya kichwa na tumbo kuko mishipa, kama waya ya telefoni, na wanaongea pande zote mbili. Ukiogopa sana, utumbo unasikia, unazidi kuwaka. Utumbo ukiwaka siku mingi, kichwa nacho kinasikia. Mugonjwa hapati usingizi, anahuzunika, anaanza kuogopa watu."

"Hata watu wa nyumbani?"

"Hao ndio wa kwanza. Ndio wako karibu."

Amenipa vidonge vya rangi ya machungwa. Vinageuza mkojo rangi hiyohiyo, na ingawa alinionya, siku ya kwanza nilisimama chooni nikidhani sumu inatoka. Anasema ugonjwa huu huondoka na kurudi, pengine maisha yote. Naogopa hilo. Naogopa zaidi ile telefoni. Kama tumbo linaweza kusema kichwani mwangu kwa sauti yangu mwenyewe, nitajuaje lipi ni wazo langu? Ile barua yenye jina la Shangazi, ni nani aliyeiandika?

Jana dereva wa lori la mchele aliniletea ujumbe wa Yaya. Amelisikia jina nililoliandika, naye anapanda huku Jumamosi, anichukue hadi Mudaka kwa mganga anayetapisha watu sumu. Mganga yule hataishia kutapisha, Mama. Atataja mtu, na swali lake la kwanza litakuwa nani anayepika. Mashemeji wa Shangazi wanaitamani nyumba hii tangu siku ya mazishi ya mumewe, wamekosa sababu tu. Wakiipata sababu hiyo watamtupa nje na sufuria zake, na hiyo ndiyo itakuwa huruma yao.

Leo asubuhi nilimwambia Shangazi kila kitu. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Nilijua. Ulianza kuangalia mikono yangu."

"Mbona haukunifukuza?"

"Nikufukuze, ukafie wapi?" Akatupa kijiwe. "Na ile chakula ya shule, ilikuwa tamu?"

Nikamwomba aache kuonja. Akasema ataacha siku nitakapoacha kutazama, na kwamba hana haraka.

Mzuie Yaya. Mwambie mimi ndiye niliyekosea, na daktari ameona vidonda kwa macho. Akikataa kukusikia, panda naye, hata na mguu huo, uketi kati yake na Shangazi. Mimi sitakwenda Mudaka.

Msalimie Bibi, mwambie shuka lake ndilo linalonifunika. Msalimie mdogo wangu anayefukuza ndege kwenye mpunga, na katekista aliyenifundisha kuandika. Na Yaya mwenyewe. Hasira yake inatoka kwenye kunipenda, najua.

Sitakudanganya kwamba hofu imekwisha. Sahani ya mchana iko mezani, imeshaonjwa, na tumbo linakaza ninapoitazama. Nitakula. Hofu hii ni yangu, Mama, Shangazi asiilipie.

Mtoto wako anayekungoja,
Faida